Vita Huiba Kesho Kwanza

Anayetaka kujua hali ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga si lazima apande Ruwenzori. Na aende sokoni Butembo. Nimezaliwa katika mji huu wa vilima na biashara, mashariki ya Kongo, nikakua kando ya meza ya samaki ya mama yangu, na somo langu la kwanza la bayolojia nililipata hapo kabla sijaingia darasani. Samaki walitoka Vitshumbi na Kyavinyonge, kwenye ufuko wa Ziwa Edward. Mbao zilikuja kutoka upande wa Beni na Mambasa. Makala, kama tunavyouita mkaa huku kwetu, yalitoka popote palipobaki mti. Kahawa na kakao zilipita zikielekea mpaka wa Kasindi na Uganda. Nyama ya porini haikuwekwa mezani. Mnunuzi aliuliza kwa sauti ya chini, nayo ikapimwa nyuma ya duka. Kila bidhaa ilibeba habari za mahali ilikotoka, na wanawake wa soko walijua kuzisoma.

Mama alisoma samaki. Mwaka hadi mwaka tilapia walizidi kuwa wafupi, na wateja walimlaumu kana kwamba yeye ndiye aliyewapunguza. Siku moja nilimuuliza kwa nini samaki wa ziwani wamekuwa wadogo kuliko wale aliokuwa akiwasimulia. Akanijibu: "Viboko wameisha, mwanangu. Samaki watakula nini?" Alikuwa amelisikia kwa wavuvi, nao wavuvi walikuwa wameliona kwa macho yao.

Niliposomea bayolojia nikakuta kwamba wavuvi walisema kweli. Kiboko hutoka majini usiku, akala majani nchi kavu, kisha akarudi mchana na kuacha kinyesi ziwani. Kinyesi hicho hulisha viumbe wadogo wa majini, na viumbe hao huwalisha samaki. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 29,000, idadi ambayo haikuwa na mfano katika Afrika. Ilipofika mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kati ya hesabu hizo mbili kuna historia yetu: wakimbizi wa Rwanda wa 1994, vita vya 1996, vita vya 1998, na majeshi na makundi yasiyo na posho yaliyojilipa kwa nyama na meno ya mnyama huyo. Nyavu za matundu madogo zikaongeza msiba, zikivua samaki kabla hajazaa. Kiboko aliyepigwa risasi mtoni tulimlipia sisi miaka kadhaa baadaye, sahani ilipowekwa mbele ya watoto.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja, kwanza kama mwanafunzi, baadaye kama mwalimu wa sekondari, na kisha kama mwanachama wa kikundi cha wapanda miti: kwa nini watu wanaojua thamani ya ziwa na msitu huviangamiza? Jibu la ujinga halikuniridhisha kamwe. Mvuvi wa Kyavinyonge anamjua samaki kuliko mimi. Jibu nililolipata, na ambalo Beni na Butembo zimenithibitishia mara nyingi, ni kwamba vita huiba kesho kwanza. Kabla ya kuchoma nyumba, kabla ya kuchukua ng'ombe, vita humwondolea mtu uhakika kwamba atakuwepo kuvuna. Kuhifadhi ni kuacha kitu leo kwa ajili ya siku nyingine. Ambaye hana hiyo siku nyingine, atakihifadhi kwa ajili ya nani?

Niliyaona haya kwa shemeji yangu, mkulima wa kakao katika teritwari ya Beni. Familia yake zamani ililima kahawa ya robusta, mpaka ugonjwa wa kunyauka ulipoimaliza mibuni ya eneo zima. Ndipo wakulima wengi wakageukia kakao. Mkakao unahitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, na unapenda kivuli, kwa hiyo shemeji aliiacha miti mirefu ya asili isimame katikati ya shamba. Aliijua kwa majina ya Kinande, pamoja na dawa iliyomo katika gome la kila mmoja. Ndege walikaa humo, na nyuki pia. Shamba lake lilikuwa njia ya kupitia kati ya shamba la mtu na msitu wa Mungu, na viumbe wengi waliitumia njia hiyo.

Waasi wa ADF, kundi lililotoka Uganda, walikuwa wameingia kwenye vilima vya Ruwenzori tangu katikati ya miaka ya 1990. Lakini kuanzia Oktoba 2014 ndipo mauaji ya raia yalipotapakaa katika teritwari ya Beni, usiku kwa usiku, kijiji kwa kijiji. Majira ya mavuno ya kakao yakawa majira ya hofu. Watu walikwenda mashambani kwa makundi na kurudi kabla ya jua kupinda. Maganda yakachumwa mabichi. Nilipomtembelea shemeji wakati huo nikakuta miti yake ya kivuli imekatwa na tanuri la makala linafuka. Sikumuuliza, yeye mwenyewe akaanza: "Shemeji, mti huu unaniomba miaka kumi. Mimi sina hata juma moja." Muda si mrefu akahamia mjini na watoto wake. Mtu yule yule aliyeilinda miti ndiye aliyeikata. Ujuzi wake haukupungua, wala mapenzi yake kwa miti. Kilichokuwa kimeondoka ni kesho.

Wako wanaosema kwamba watu wakikimbia, msitu hupumzika. Mahali pengine ni kweli kwa muda. Majani hufunika njia na wanyama hurudi. Lakini msitu uliohamwa na wakulima mara nyingi umehamiwa na wenye bunduki, nao wanakula kutoka humo humo. Na waliokimbia hawayeyuki hewani. Wanakuja pembezoni mwa Oicha, Beni na Butembo, wanahitaji kupika kila jioni, na kila jioni hiyo ni gunia la makala kutoka kwenye kilima kilicho karibu. Vita haviondoi mkono wa mtu juu ya msitu. Vinauhamisha na kuufanya uwe na haraka.

Ni haki pia kusema kwamba kesho ya watu wa huku haikuanza kuibwa na waasi. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikiwa ya kwanza katika bara la Afrika, kisha ikapanuliwa kwa amri za wakoloni. Wakazi wa bonde la Semuliki walihamishwa kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaingizwa ndani ya mipaka. Wazee wetu waliambiwa mpaka umepita wapi. Hawakuulizwa upite wapi. Ukipanda nyanda za juu za Lubero uone mashamba yalivyobanana hadi kileleni, utaelewa kwa nini, karne moja baadaye, mwanasiasa akitaka kura anaahidi ardhi ya hifadhi, na kundi lenye silaha likitaka vijana linaahidi hivyo hivyo. Mpaka usio na ridhaa ya majirani ni mlango ulioachwa wazi kwa yeyote mwenye bunduki.

Gharama ya mlango huo wanailipa walinzi. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini katika miongo hii ya vita. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne waliuawa katika shambulio moja. Hao ni wana wa nchi hii. Nimefundisha vijana waliotamani kuvaa sare hiyo, na nawaheshimu kwa moyo wote. Kwa sababu nawaheshimu, nasema hatuna haki ya kuwaachia bunduki peke yake kazi ambayo bunduki haiwezi. Mlinzi anaweza kumzuia mkata miti leo. Hawezi kumpa sababu ya kutokata kesho.

Sababu hiyo hujengwa kwa imani, na imani haijengwi na magari ya misafara. Tulijifunza hilo kwa uchungu wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, si mbali na Beni, ukafika Butembo na Katwa, na kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Magari meupe yalijaa mjini. Watu wakauliza: tangu 2014 tunachinjwa, mlikuwa wapi? Mwishoni mwa 2018 upigaji kura ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, na rais akaapishwa bila sisi kupiga kura. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun, aliuawa Butembo alipokuwa amekuja kutuokoa.

Miezi hiyo nilifundisha darasani kwamba virusi vya Ebola huua gorilla na sokwe kama vinavyoua watu, na kwamba mzoga wa porini usiguswe. Mwanafunzi mmoja wa kike alisimama akauliza: "Mwalimu, hawa wanaotukataza nyama, wamewahi kutuuliza tunakula nini?" Swali lile lilikuwa na maarifa kuliko mabango yote ya barabarani. Hali ilianza kubadilika sauti za kwetu ziliposikika: mapadri na wachungaji, akina mama wa soko, waendesha pikipiki, na zaidi ya wote waliopona, ambao waliweza kuwabeba na kuwalisha watoto wa wagonjwa bila hofu ya kuambukizwa. Ujumbe ulikuwa ule ule. Aliyeubeba alikuwa mtu ambaye gari likiondoka yeye anabaki.

Wenye kuhifadhi viumbe walipaswa kulijua hilo mapema kuliko wote, kwa maana mfano uko katika teritwari yetu ya Lubero. Mwaka 1998, vita vya pili vilipokuwa vinaanza na serikali haionekani, wami wa huko, yaani machifu wa jadi, waliamua kutenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya gorilla, sokwe na mito inayotoka humo. Ndiyo Hifadhi ya Tayna. Serikali iliitambua rasmi mwaka 2006, miaka minane baada ya wenyewe kuitambua. Wakajenga na chuo Kasugho, cha kuwafundisha vijana wa pale pale sayansi ya kuhifadhi maumbile.

Nilikwenda Kasugho kwa njia ya matope inayopita Lubero, nikafikiri nitaona msitu. Nilichokiona kwanza ni vijana wa kijiji wakibishana kuhusu hesabu za viota vya gorilla kwa Kiswahili na Kinande, kila mmoja akitetea daftari lake. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu aliniambia kwamba kabla ya hapo wasomi walikuja, wakaandika, wakaondoka na madaftari. "Sasa daftari linalala hapa," alisema. Nimeishika kauli hiyo kuliko vitabu vingi, kwa sababu nimeona kinachotokea mapigano yanapokaribia: wageni huitwa warudi kwao, ofisi hufungwa, fedha husimamishwa mpaka hali itulie. Lililolala kijijini halina ndege ya kupanda.

Karibu na hapo pana kituo cha GRACE, kilichoanzishwa 2009 kulea gorilla wa Grauer waliochukuliwa kutoka mikononi mwa majangili baada ya mama zao kuuawa. Huyu ni gorilla wetu wa Kongo Mashariki, asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote. Wanaowalea ni Wakongo, wengi wao watu wa vijiji vya jirani. Kulea gorilla yatima mpaka ajue kuishi kama gorilla ni kazi ya miaka, na miaka hiyo ilikuwa ya vita, kisha Ebola, kisha vita tena.

Wakati huo huo, juu ya mlima Tshiaberimu, mashariki ya Butembo, kundi dogo la gorilla wa aina hiyo lilikuwa linaelekea kwisha. Mlima umezungukwa na mashamba; gorilla walikuwa wamebaki chini ya kumi, na bila majike wapya hapangekuwa na mustakabali. Oktoba 2023 majike wanne, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walibebwa kwa helikopta kutoka GRACE hadi Tshiaberimu. Walikaa kwanza ndani ya uzio, wakizoea mianzi na baridi ya mlimani, huku dume wa porini akija kuwatembelea nje ya uzio. Mwaka 2024 wakaachiwa. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani wakija upande wetu.

Nilipozisikia habari hizo mbili katika mwaka mmoja, kwanza nilisikia aibu kufurahi. Inafaaje kuwarusha gorilla kwa helikopta wakati watu wanatembea kwa miguu? Nimelitafakari swali hilo bila kulikwepa, na jibu langu ni hili: tatizo si kwamba gorilla walipewa mpango wa miaka kumi. Tatizo ni kwamba watu hawakupewa. Walezi wa Kasugho waliamini kwamba mtoto wa gorilla aliyejeruhiwa anaweza kuandaliwa siku yake ya mbele, wakaiandaa hatua kwa hatua, vita vikiendelea. Imani ya namna hiyo ndiyo tunayoidai kwa ajili ya mkulima wa Oicha na mvuvi wa Kyavinyonge.

Kwetu Butembo tumejaribu kwa mikono yetu. Vilima vinavyouzunguka mji vimefunikwa na mikaratusi iliyopandwa na familia. Mtoto akienda chuo, baba anauza kipande cha msitu wake. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha EcoMakala, mradi wa kuwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala nje ya hifadhi. Katika kikundi chetu tunakuza miche ya mikaratusi na grevilea, pamoja na miti ya asili tunayoiokoa kwa mbegu. Najua mkaratusi si msitu. Unakunywa maji mengi na chini yake hakuishi viumbe wengi. Lakini gunia la makala lililotoka kwenye kilima kilichopandwa halikutoka Virunga, na kwa mama mwenye chungu jikoni hilo ndilo hifadhi inayowezekana leo.

Katika kugawa miche nimeona jambo linalojirudia kila msimu. Mwenye ardhi yake huchukua miche mingi kuliko anayoweza kuibeba. Mpangaji wa shamba, jirani yake, mwenye akili na bidii ile ile, huchukua mbegu za maharagwe. Hakuna semina inayoweza kuiziba tofauti hiyo. Karatasi ya ardhi inaweza.

Mshahara nao ni kesho. Mwaka 2013 mtambo wa umeme wa maji ulianza kazi Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwa juhudi za hifadhi yenyewe, na umeme ukaleta kazi za sabuni na chokoleti ya kakao ya Beni. Vita vilifika hata huko. Lakini nimekutana na vijana wa Mutwanga waliokimbia na kurudi kwa sababu kulikuwa na kazi ya kurudia. Anayerudi ndiye anayelinda.

Nayasema haya sasa kwa sababu maamuzi makubwa yanafanywa juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2022 serikali ilipiga mnada vitalu vya mafuta, vingine ndani ya Virunga; mwaka 2024 mnada ukafutwa. Januari 2025 ikatangazwa hifadhi ya Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Mwezi huo huo Goma, mji mkuu wa mkoa wetu, ilitekwa na M23, kisha Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya mkoa. Hivyo mji uliokuwa ukizika watu wake bila kusikilizwa sasa ndio mji ambamo maofisa wanalala na kuamka. Wanapika kwa makala yale yale tunayopikia sisi.

Kwao, na kwa mashirika yanayowashauri, nina maombi ambayo hayangoji amani ikamilike. Mkulima anayepakana na hifadhi apewe hati ya ardhi yake kabla ya kupewa semina. Mlinzi na mlezi wa gorilla walipwe mwezi kwa mwezi hata risasi zinapolia, kwa kuwa mradi unaosimama vita vinapoanza haukuwa wa mahali penye vita. Palipo na kambi ya waliokimbia pawe na kitalu cha miti na majiko yanayokula makala kidogo. Na Ukanda wa Kijani usichorwe kama mipaka ya 1925 ilivyochorwa: wami, akina mama wa soko, wavuvi na Wambuti wa misitu ya Beni waulizwe kabla ya mstari kupita, si baada.

Wataalamu watasema bioanuwai ya Virunga inahitaji fedha, ndege na silaha. Huenda inazihitaji. Lakini nimeishi hapa miaka yote hii ya hofu, na kila mahali nilipokuta mti, samaki au gorilla amesalimika, nyuma yake nilimkuta mtu aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mwakani atakuwepo. Anayetaka kuokoa viumbe wa Kivu na aanze kwa kumrudishia mtu huyo mwaka wake ujao.